Vitabu Vilivyopewa Namba za Sabuni

6 Februari

Mwanangu,

Simu yako ya Jumapili niliipokea vizuri na kuielewa yote, isipokuwa ile sehemu uliyokuwa unaongea. Kosa si lako. Mimi na simu tuko hivi: nikisikia sauti yako naanza utani, wewe unanyamaza, mimi naongeza utani ili kuziba ule ukimya, halafu unasema haya Baba, usiku mwema, na saa yangu ya ukutani inasema ni saa kumi jioni. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Shule niliacha darasa la sita, la saba nililiona kupitia dirisha, lakini baba yako amevuka mipaka saba na tani thelathini mgongoni. Amegombana na watu wa forodha kwa lugha ambazo wao wenyewe hawakujua kama wanazijua. Barua haiwezi kunishinda.

Habari za hapa. Mwalimu mkuu mpya alikuja Alhamisi. Ni kijana mpole, alizungumza akiangalia viatu vyake. Anasema nyumba ni ya shule, na kwa kuwa mwalimu mwenyewe, mama yako, hatunaye tena, itabidi apewe mwalimu mwingine. Amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Nikamwambia asijisumbue, mimi nimelala kwenye kabini ya lori miaka ishirini na tisa, nyumba kwangu ni anasa tu. Akacheka, akaondoka amefurahi. Mimi nikakaa kwenye kiti cha mama yako mpaka chai ikapoa, na chai yenyewe nilikuwa nimemimina vikombe viwili.

Shida ni vitabu. Vipo sebuleni, vipo koridoni, vipo chini ya kitanda, viwili nimevikuta kwenye ndoo ya unga. Mnunuzi wa karatasi chakavu amekwisha kuja na mizani yake. Alishika kimoja akakipimapima kwa mkono kama mtu anayechagua nyama, akasema haya majalada magumu yanampa tabu, atayachana kwanza. Nikamwambia arudi siku nyingine, leo mizani yake imenitazama vibaya.

Ulisema maktaba yenu inaweza kuvichukua na kuandika jina la mama yako ndani. Hapo ndipo nilipoanza kusikia. Niandikie namna ya kufanya, taratibu, kama unamwandikia mtu mjinga, lakini kwa heshima.

Baba yako,
Gia Kubwa

*

17 Februari

Baba,

Shikamoo.

Nimezungumza na Mkuu wa maktaba. Amekubali kwa sharti moja: tunachukua vile tu ambavyo hatuna. Rafu zimejaa. Kila kitakachopokelewa kitabandikwa karatasi ndani ya jalada yenye jina la Mama, na chini yake "Mwalimu wa darasa la nne". Vilivyobaki hatutavichukua, na ninaogopa itabidi apewe huyo mwenye mizani.

Fanya hivi. Mwombe mama mshonaji wa jirani akuwekee programu ya maktaba kwenye simu, nimeshamtumia. Ukiifungua utaona alama ya kamera, ibonyeze. Geuza kitabu. Kwenye jalada la nyuma kuna mistari myeusi na myeupe yenye tarakimu chini yake, ndiyo inayoitwa msimbopau. Elekeza kamera hapo, tulia, itapiga mlio. Halafu itaandika KIPO au HAKIPO. Ikiandika KIPO, kitabu kiweke kushoto. Ikiandika HAKIPO, andika jina la kitabu kwenye kisanduku cha chini, bonyeza Tuma, kiweke kulia. Orodha inanifikia mimi moja kwa moja, nami naipeleka kwa Mkuu.

Tafadhali fanya kwa uangalifu. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio mpaka Juni, na nimewaambia ni mkusanyo mzuri. Nimetoa neno langu.

Hapa sijambo. Kazi ni nyingi na watu ni wazuri. Chumba chako kiko tayari, ukimaliza vitabu uje.

Binti yako

*

2 Machi

Mwanangu mtaalamu,

Marahaba. Kazi nimeianza na nimeiweza.

Siku ya kwanza nilielekeza simu kwenye kitabu, ikanionyesha mimi mwenyewe, pua nzima. Mshonaji akacheka mpaka sindano ikamdondoka. "Mzee, geuza kamera, maktaba haitafuti pua." Nikamwambia pua hii imekaguliwa kwenye mipaka saba na haijawahi kuandikiwa hakipo. Baada ya hapo nikawa fundi. Ule msimbo nani sijui, mimi nauita kipundamilia. Nakilaza kitabu kifudifudi, nashika pumzi, tii. Nakwambia ukweli, ile tii imekuwa mtu. Asubuhi naamka, nanawa, nakunywa chai, nakwenda kusikia kuna nani wa kunijibu.

Ila maktaba yenu inaniudhi. KIPO, nakala tatu. KIPO, nakala nane. Mna nini ninyi, kila kitu mnacho. Mama yako alitembea maduka yote ya mji huu, akajinyima kitambaa cha gauni ili abebe kitabu nyumbani, halafu mnamwambia mnacho nane. Upande wa kushoto umefika dirishani. Kulia kuna vinne tu, vimekaa kama abiria wa basi lisilojaa.

Vile vya zamani kabisa havina kipundamilia mgongoni wala tumboni. Usihangaike, nimevitafutia namba. Gari lisilo na namba halivuki mpaka, hilo nalijua kuliko wewe. Kazi ya kiufundi, niachie mimi.

Sasa nina swali. Mama yako alikuwa hamalizi vitabu? Maana vingine katikati vina kitu kimechomekwa: njiti ya kiberiti, kipini cha nywele, uzi mwekundu, kipande cha chaki, na kimoja kina kijiko cha chai, kimebanwa mpaka kimeacha alama ya kutu kwenye maneno. Kuanzia hapo kurasa ni safi kama hazijaguswa. Vya namna hiyo nimehesabu thelathini na kimoja. Kama nilivyovikuta ndivyo nilivyoviacha, na vitu vyake ndani.

Nauliza kwa sababu mimi sikuwahi kumwona na kitabu mkononi. Narudi safari, namkuta jikoni, au anasahihisha madaftari, au amesimama tu mlangoni. Nilidhani vitabu ni pambo, kama wengine wanavyoweka maua ya plastiki. Maegeshoni nilikuwa nawatambia wenzangu: mke wangu msomi, ana ukuta mzima wa vitabu na hata hausomi.

Unakula vizuri? Hujaandika unakula nini.

Baba yako,
Gia Kubwa

*

13 Machi

Baba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za nyuma za maktaba, ndipo ninapokulia mchana. Nakula mkate na mayai. Nakula vizuri.

Mama alimaliza vitabu vyake. Hivyo ulivyovikuta ndivyo ambavyo hakumaliza, na sababu ni wewe. Nilidhani unajua.

Ukiwa safarini alisoma kila jioni pale mezani, kwa sauti, mimi nikiwa nimelala kwenye mkeka miguuni pake, nisielewe hata nusu. Wewe ulikuwa ukifika kwenye kona ya shule unapiga honi mara tatu. Akiisikia tu, alichomeka chochote kilichokuwa karibu na mkono wake, akafunga kitabu, akasimama, akajitazama kwenye kioo cha kabati. Ile siku ya kijiko naikumbuka, alikuwa anakoroga chai. Ukiwepo hasomi. Ukiondoka tena, hakirudii kitabu kilekile, anaanza kingine. Siku moja nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Kile kimeishia pazuri."

Mimi nilikuwa naichukia honi ile. Ilinikatia hadithi, na mpaka leo zipo nyingi ambazo sijui ziliishaje. Sikupaswa kukuandikia hili, lakini umeuliza.

Mkuu anataka orodha kamili ifikapo tarehe 25. Gari la maktaba litapita huko wiki ya mwisho ya mwezi, litachukua vya kulia tu.

Binti yako

*

27 Machi

Mwanangu,

Nimemaliza. Orodha umeiona. Jumla ni mia tatu themanini na viwili, na HAKIPO ni tisini na nane. Najua ulishangaa zilivyoongezeka mwishoni. Ndivyo barabara zilivyo, sehemu mbaya yote huwa mwishoni.

Gari limekuja leo asubuhi. Dereva wake hajui kurudi nyuma, nikamwongoza kwa mkono mpaka mlangoni. Maboksi nimeyafunga kwa kamba ya turubai, fundo langu mwenyewe. Ofisini kwenu hakuna atakayelifungua bila kisu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Baba yako

*

8 Aprili

Baba,

Maboksi yalifunguliwa Jumatatu.

Mkuu alitaka yafunguliwe kwenye meza ya mapokezi, wafanyakazi wote wakiwepo, kwa sababu alikuwa amewaambia ni mkusanyo wa nadra. Neno "nadra" nilimpa mimi. Msaidizi wa mapokezi akachukua kitabu cha juu. Simu yake ina programu ya madukani pamoja na ya kwetu, na aliyoifungua ilikuwa ile ya madukani. Ikapiga mlio, akasoma kwa sauti: "Sabuni ya kufulia, gramu mia mbili." Tukadhani amekosea. Akachukua cha pili: "Majani ya chai." Cha tatu: "Dawa ya kikohozi, ya watoto." Kufikia cha tano walikuwa wanabahatisha kabla ya mlio. Mmoja akasema hiki kinene lazima kiwe mafuta ya kupikia. Kilikuwa kiberiti.

Mkuu hakucheka. Alibandua kibandiko kimoja kwa ukucha, na chini yake palikuwa na msimbo halisi, mzima kabisa. Akauskani. "Hiki tunacho, nakala sita," akasema. "Hiki hakikukosewa, kimefunikwa. Nani amekifunika?"

Nikasema baba yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kukutaja tangu nianze kazi hapa.

Nimepewa barua ya onyo. Majaribio yangu yamesogezwa mpaka Desemba, na Mkuu ameniambia likitokea jingine hataandika barua. Maboksi yako stoo, yanangoja uamuzi.

Vile visivyo na msimbo nimekuelewa. Sikukwambia uviweke kando, na wewe uliponiandikia umevitafutia namba nilipita haraka. Hilo nalibeba mimi. Lakini vile vingine? Vilivyofunikwa ni thelathini na kimoja, Baba. Nilijua idadi kabla sijamaliza kuhesabu.

Kwa nini hukuniuliza? Nilikwambia watu hapa ni wazuri. Sijui kama ni wazuri. Tangu Januari hakuna aliyenikaribisha kwenye chumba cha chai, ndiyo maana nakula kwenye ngazi. Jumatatu ndiyo siku waliyonisemesha kwa mara ya kwanza, kuniuliza kama nyumbani kwetu tunafulia kamusi. Mahali pasipo na mtu wangu hata mmoja, nilikuwa na neno langu tu, na umenifanya mwongo.

Na mimi niseme langu. Chumba chako hakikuwa tayari. Ninakaa chumba kimoja. Nilipanga wewe ulale kitandani, mimi chini, na sikujua nitakwambiaje.

Binti yako

*

14 Aprili

Mwanangu,

Barua hii nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa utani mtupu, nikaichana. Ya pili nilikuwa najitetea, nayo nikaichana. Ya tatu nikaisoma nikaona imeandikwa na mtu anayetaka kuhurumiwa. Iliyobaki ni hii.

Vile sitini na vitatu vya zamani nilivipa namba kwa nia safi. Niliamini mashine inataka kuona namba tu, iwe imetoka wapi, kama yule askari wa barabarani anayetazama kibao cha nyuma asijue hata kilichobebwa. Nikakata boksi za sabuni, za chai, za kiberiti. Ile dawa ya kikohozi ni ya mjukuu wa mshonaji. Nikabandika kwa gundi ya viatu, nikamtambia mshonaji kwamba nimevipa vitabu uraia. Akaniambia, "Mzee, una hakika?" Nikamwuliza yeye amevuka mipaka mingapi. Kila nilichokipa sabuni kikasema HAKIPO. Hapo nikaelewa jinsi ya kukivusha kitabu. Bado sikufanya kitu, nilielewa tu.

Halafu ikaja barua yako ya honi.

Nikavitafuta vile thelathini na kimoja. Vyote vilikuwa kushoto, vyote KIPO, vyote vya mwenye mizani. Nikavipanga kitandani upande wa mama yako. Kila kimoja ni siku niliyofika, mwanangu. Kimoja amekikatia ukurasa wa nne, amekaa tu hajapata hata kujua nani ni nani, honi ikalia. Nilifurahi, nisikufiche. Nilikaa pale kama mtu aliyepewa medali thelathini na moja. Halafu nikageuka, nikauona ule ukuta mwingine. Vilivyomalizika ni mia tatu na hamsini na kimoja. Mimi si msomi, lakini kwa hesabu hiyo darasa la sita linatosha. Hivyo alivisoma mpaka neno la mwisho kwa sababu hakuna honi iliyolia.

Maisha yangu yote nimejisifu kwa kilomita. Kumbe kilomita zote zile kuna mtu alikuwa anazisoma peke yake mezani, na mimi nikirudi nasimulia za kwangu mpaka anasinzia.

Basi nikachukua boksi za sabuni tena. Safari hii nilijua. Nilijua ni kosa gundi ikiwa bado mbichi. Sikukuuliza kwa sababu ungekataa, na ungekuwa na haki ya kukataa. Nilitaka wasichane hivyo, nikasahau kwamba chini ya orodha limeandikwa jina lako, si langu. Nimewadanganya watu wa forodha miaka ishirini na tisa, lakini mzigo ulikuwa wangu na jela ingekuwa yangu. Huu niliubeba kwa namba zako. Nisamehe. Si lazima iwe leo.

Nimemwandikia Bibi Mkuu wako barua ya peke yake. Nimemwambia ni mimi, wewe hukujua kitu, na kama kuna adhabu ya babu wa miaka sitini na minane aitume kwa posta. Hilo la posta ndilo utani pekee, lilinitoka.

Habari ya chumba niliijua. Kwenye simu nilikuwa nasikia jiko, bomba na redio vyote mahali pamoja.

Mwenye mizani alipita jana. Nimemwambia havipo vya kuchana hapa. Nitaviweka wapi sijui bado, lakini nimebakiwa na wiki mbili na mikono miwili.

Baba yako

*

21 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Mkuu aliniita juzi. Barua yako ilikuwa mezani kwake. Akaniuliza, "Baba yako huandika hivi siku zote?" Nikasema ndiyo. Akavaa miwani, akaisoma tena mbele yangu, kisha akasema twende stoo.

Tulikaa huko mchana mzima. Vile sitini na vitatu haviwezi kutafutwa kwa kamera, kwa hiyo tulivitafuta kimoja kimoja, kwa jina na kwa mwandishi, yeye anasoma mimi naandika. Kumi na tisa hatuna kweli. Viwili kati ya hivyo, anasema, hata yeye hajawahi kuviona, na yuko kazini tangu sijazaliwa. Ukiongeza vile vinne vya haki, ni ishirini na vitatu. Karatasi zenye jina la Mama nimezibandika mwenyewe. Barua ya onyo inabaki palepale. Alisema jambo moja haliondoi jingine, na mimi nimeona ni sawa.

Vilivyobaki vya zamani vinakwenda kwenye maktaba za shule, Mkuu ameahidi. Vile thelathini na kimoja aliniambia niviondoe stoo, lakini nilikuwa nimeshaanza kuviondoa kabla barua yako haijafika. Nilibeba vitano kila jioni, kwa miguu. Siku ya nne msaidizi wa mapokezi aliniona kwenye mlango wa nyuma, akachukua vitatu bila kuniuliza. Tukatembea mpaka kwenye kona ya mtaa wangu. Hapo akaniuliza kama baba yangu bado anafulia sabuni ileile, kwa sababu mama yake anaisifia. Nikacheka, Baba. Sijui nilikuwa sijacheka tangu lini.

Siku ya mwisho nilibeba kimoja tu, kile chenye kijiko. Vyote sasa vimepangwa ukutani kando ya kitanda. Nimekifungua hicho na nimeendelea pale alipoachia, kwa sauti. Chumba ni kidogo, sauti inatosha. Yeye alisema vimeishia pazuri, na labda kwake ni kweli. Mimi nilikuwa sakafuni nikingoja, nataka kujua viliishaje.

Bado nina hasira kidogo. Huwa inapungua asubuhi.

Kitanda ni kimoja na kina kelele. Njoo.

Binti yako

*

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na asante. Hiyo hasira usiiharakishe, iishe yenyewe.

Sikiliza nilichofanya. Nilikodi mkokoteni, safari sita, nikavipeleka vitabu vyote vilivyobaki pale maegesho ya malori, kwenye kivuli cha ukuta nilipokuwa nalaza gari langu. Madereva wenzangu wakanizunguka, na wa mbele akauliza. "Gia Kubwa, umekuwa muuza vitabu?" Siuzi, nikamwambia, shika. "Mimi nisome saa ngapi?" Nani kakwambia ni chako, nikamwambia, hicho ni cha nyumbani kwako. Kampelekee mkeo. Ukirudi safari usianze kusimulia za barabarani, mwulize kwanza amefika ukurasa wa ngapi. Na ukiwa na akili, urudi kabla hajamaliza.

Wakacheka sana, maana wamenizoea. Lakini wakachukua. Mmoja, jitu la shingo nene, akasema mke wake hasomi. Nikamwambia hata mimi nilikuwa nasema hivyohivyo, nilisimama hapahapa ulipo. Akachagua viwili, akavifunga kwenye shati safi asije akavichafua kwa grisi. Mwingine akauliza kama kuna chenye picha, ana mtoto. Siku tatu nimekaa pale. Leo saa tano asubuhi kimeondoka cha mwisho, kimepanda lori la saruji kuelekea kaskazini. Mama yako anasafiri sasa, mwanangu, mabarabara yote niliyopita mimi.

Nyumba nimeifagia. Inaongea ikiwa tupu, nikikohoa inakohoa. Ufunguo nimempa mwalimu mkuu, akataka kunipa mkono, nikamkumbatia, maskini hakujua aweke mikono wapi. Mshonaji amenishonea begi la turubai, akaniambia nisirudi hapa kumsumbua na sindano zake zikidondoka, kisha akaingia ndani haraka akafunga mlango.

Nakuja na basi. Ni mara ya kwanza kusafiri kama abiria, sijui nitaweka wapi mguu wa kulia. Litafika Jumamosi saa kumi jioni. Usije stendi kunipokea. Nimefika miji mikubwa kuliko huo nikiwa na ramani iliyochorwa kwenye boksi la sigara, sitashindwa kufika kwenye chumba kimoja. Anwani ninayo. Mdomo ninao, nitauliza. Mimi ni mtu wa kufika, si mtu wa kupokewa.

Nimesoma tena hayo ya hapo juu.

Njoo stendi. Nitakaa dirisha la mbele upande wa kushoto, nimevaa koti la kijivu. Uje mapema kidogo, nisije nikashuka nikawakuta watu wa watu wengine tu.

Baba yako